Wanidai Deni la 2014, Wasema Nitume Elfu Mbili Tu ya Nia Njema

Assalaam aleikum, Bibi.

Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni, upande wa Mlaleo. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Mume wangu ni dereva wa tuktuk. Twala tunachopata, alhamdulillahi.

Zamani nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Shanzu. Februari 2014 nilichukua mkopo benki, shilingi 150,000, wa kulipa kwa miezi 36, nipate kumwezekea mamangu nyumba yake kule Kwale. Kila mwezi walikuwa wakikata 5,400 kwenye mshahara. Mei ya mwaka huo huo, Uingereza ikawaonya watu wake wasije Mombasa, wageni wakapakiwa kwenye ndege hata siku zao hazijaisha. Sote twakumbuka. Hoteli ikajikokota mpaka mwisho wa mwaka, kisha tukaambiwa twende nyumbani. Nilikuwa nimeshalipa miezi tisa. Baada ya Novemba 2014 sijalipa hata senti.

Sikujificha, Bibi. Juni 2016 nilikwenda pale tawini nikawaeleza hali yangu. Wakanipa karatasi niandike barua ya kuomba nafuu, nikaandika, nikatia sahihi. Sikujibiwa. Nikanyamaza, nao wakanyamaza.

Sasa mwezi wa pili huu, simu haipoi. Wasema wao si benki, ni kampuni iliyopewa deni langu ilikusanye. Wataka 487,300. Wa kwanza alikuwa bwana mpole, aniita "mama" kila neno. Wa pili akaja na matusi. Juzi nikapata ujumbe kwamba wako njiani na dalali na polisi, niandae vitu vya nyumbani. Hawakuja, lakini siku ile sikukaanga kitu, nilikaa mlangoni kutwa nikitazama barabara.

Kilichonivunja ni hiki. Wamempigia mwenyekiti wetu wa chama. Sijui nambari wameipata wapi. Jumapili tumekaa mkekani twahesabu pesa, akaniuliza mbele ya wenzangu: "Hivi, kuna benki yakutafuta?" Nilisema wamekosea nambari. Hakuna aliyeniamini, nilimwona kila mmoja akiangalia mkeka.

Jana yule mpole amerudi. Asema nitume elfu mbili tu leo kwenye nambari yake ya simu, nionyeshe nia njema, naye atasimamisha faili. Hiyo elfu mbili ninayo, ni ya unga na mafuta. Ndugu yangu asema miaka zaidi ya kumi imepita, deni limekufa, nizime simu. Mamangu asema deni la mtu halifi, nilipe nisije nikaenda nalo kaburini. Mume wangu hajui lolote, tulioana mkopo ukiwa umeshachukuliwa nami sikuwahi kumwambia.

Nitume au nisitume?

Mwenye dhiki, Kisauni

*

Waaleikum salaam, mwanangu.

Usitume. Kanunue unga.

Sasa kaa nikueleze kwa nini, maana ile elfu mbili ndiyo kiini cha mambo yote haya, na yule bwana mpole ajua hivyo vizuri kuliko wewe.

Kenya tuna sheria ya muda wa kushtaki, Sura ya 22. Deni la mkataba kama lako, mdai ana miaka 6 ya kwenda mahakamani, ikihesabiwa tangu siku ulipopaswa kulipa usilipe. Ikipita, mlango wa mahakama umefungwa. Lakini mlango huo una ufunguo, na ufunguo unao wewe mdaiwa. Ukilipa sehemu ya deni, hata ndogo, au ukikiri kwa maandishi na sahihi yako kwamba wadaiwa, hesabu inaanza upya tangu siku hiyo. Elfu mbili yako ya unga ingewanunulia miaka sita mingine ya kukushtaki. Ndiyo maana mtu anayedai karibu nusu milioni aridhika na elfu mbili, tena leo leo. Umewahi kuona mdai wa namna hiyo?

Tuhesabu pamoja. Malipo ya mwisho ni Novemba 2014. Ile barua ya Juni 2016 uliyotia sahihi tawini ilikuwa ukiri, hata kama wewe uliiona ni barua ya kuomba huruma tu, kwa hivyo hesabu ikaanza tena pale, na miaka sita yake ikaisha Juni 2022. Tuwape benki na ziada: mkopo wa miezi 36 ulioanza kulipwa Machi 2014 ulikuwa uishe Februari 2017. Tukihesabu kuanzia kijisehemu kile cha mwisho kabisa, twafika Februari 2023. Kote huko kumepita. Ndugu yako basi yuko karibu na ukweli, ila "zima simu" ni ushauri wa mtu ambaye si yeye anayepigiwa.

Kuna jambo moja laweza kuivuruga hesabu hii yote, nalo ndilo la kuwauliza kwanza. Je, benki iliwahi kukushtaki ikapata hukumu? Hukumu yaishi miaka 12. Na hukumu yaweza kutolewa bila wewe kuwepo, samansi ikipelekwa mahali ulipohama ama ikiachwa kwa mtu asiyekufikishia. Kwa hivyo uliza nambari ya kesi na jina la mahakama. Wakikupa, nenda rejista ya mahakama hiyo ukalitazame faili kwa macho yako. Wakibabaika, wakikwambia "kesi iko njiani", basi yaelekea hakuna kesi.

Wala usibishane nao kwa simu. Watu hawa hulipwa kwa asilimia ya kile wanachokusanya, na kazi yao yote iko mdomoni, mmoja wa kubembeleza na mmoja wa kutukana. Huo mchezo wa wawili ni wa zamani, hata makanga wa matatu waujua. Kazi yako ni kuwatoa kwenye mdomo uwapeleke kwenye karatasi. Waandikie ujumbe mmoja tu, namna hii:

"Nimepokea simu zenu kuhusu deni mnalodai. Sikubali wala sikiri deni lolote. Nileteeni kwa maandishi: barua ya benki inayowapa idhini, nakala ya mkataba, taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza, na nambari ya kesi kama ipo. Msimpigie mtu mwingine yeyote kuhusu jambo hili. Kuanzia sasa nitajibu maandishi tu."

Usiongeze neno. Usiandike "nitalipa nikipata", usiandike "nisameheni hali ni ngumu". Najua ulimi wetu wa adabu, mtu akikudai hata kwa ukali wajikuta waomba radhi. Sheria yataka ukiri uwe wa maandishi wenye sahihi, lakini kama ujumbe wa simu nao wahesabiwa kuwa umetiwa sahihi ama la, mawakili waweza kulibishania kutwa. Usiwape cha kubishania.

Na ile nambari ya simu ya mtu binafsi aliyokupa, ifute kabisa katika mawazo yako. Hata ingekuwa deni la mwezi jana, deni la benki hulipwa benki, kwa akaunti yenye jina la benki, ukapewa risiti. Pesa iliyoingia kwenye simu ya mtu ni pesa ya mtu huyo. Wako watu mjini humu waliolipa deni moja mara mbili kwa kosa hilo.

Nije kwenye polisi na dalali, maana hapo ndipo ulipopoteza siku nzima ya biashara.

Polisi hawakusanyi madeni. Kukopa ukashindwa kulipa si jinai. Ni shauri la madai baina yako na aliyekukopesha. Mtu anayekutishia kwa polisi wasiohusika ndiye mwenye jambo la kueleza kituoni, si wewe. Jela ya madeni ipo katika sheria zetu, sitakuficha, lakini haifikiwi kwa ujumbe wa simu. Lazima kwanza kuwe na hukumu, kisha uitwe mbele ya hakimu ueleze kwa nini usifungwe, na hakimu aridhike kwamba uwezo wa kulipa unao ila wakaidi. Mama wa mahamri asiyekuwa nao si mkaidi.

Dalali naye, kwa mkopo kama wako usiokuwa na rehani ya gari wala ardhi, haji mpaka awe na amri ya mahakama mkononi. Akija nayo, kwanza huandika orodha ya vitu na kukuachia notisi ya siku 7 za kukomboa. Habebi siku hiyo hiyo. Awe na leseni, na leseni waweza kuiomba uione. Na hata hapo sheria imevitoa vitu fulani visiguswe: nguo za lazima, vitanda na matandiko, vyombo vya kupikia. Karai lako, mwanangu, ni chombo cha kupikia. Kwa hivyo wakija bila karatasi ya mahakama, usiwafungulie. Piga ukelele wa jirani kama vile umeona mwizi, maana kuingia nyumba ya mtu na kubeba vitu bila amri kuna jina lake.

Sasa tazama hiyo 487,300. Mkopo wako kwa riba ya kawaida ya siku zile, baada ya miezi tisa asili iliyobaki, yaani pesa yenyewe uliyokopa bila riba, ni kama 120,000. Tangu Mei 2007 sheria ya mabenki, kifungu cha 44A, imeweka kikomo: deni likishaharibika, yaani mkopaji akishaacha kulipa, benki haiwezi kudai riba inayozidi asili iliyokuwa imebaki siku lilipoharibika. Yaani 120,000 na riba isiyopita 120,000 nyingine, pamoja na gharama za kukusanya. Hata kama muda wa kushtaki usingepita, wangepaswa kukueleza zaidi ya laki mbili zilizobaki zimetoka wapi. Ndiyo nikasema taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza. Mara nyingi ukiomba karatasi hiyo, simu hupungua zenyewe.

La chama limeniuma kuliko yote.

Wewe ndiye uliyechukua mkopo, mwenyekiti wako si mdhamini wala si mkopaji. Kumweleza yeye habari za deni lako ni kutoa siri yako kwa mtu asiyehusika, na tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data inayokataza hayo. Si sheria ya kabatini: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa sababu ya kuwasumbua watu waliokuwa tu kwenye simu za wadaiwa. Malalamiko yapokewa kwa mtandao. Lakini lazima uwe na ushahidi. Nunua daftari la shilingi ishirini, andika kila simu: siku, saa, nambari, alichosema. Ujumbe usiufute hata ukikutia kichefuchefu, upige picha ya skrini, umtumie mtu unayemwamini auhifadhi. Mwombe mwenyekiti naye akutolee nambari iliyompigia na siku yenyewe.

Na kwa kumwomba hivyo utakuwa umeshamwambia kweli. Najua. Afadhali. Ule uongo wa "wamekosea nambari" haukukufaa kitu, umeona mwenyewe walivyoangalia mkeka. Mwambie peke yake, kabla ya Jumapili, maneno mawili: nilikopa nikiwa kazini, kazi ikafa, sasa wanasumbua na sheria naifuata. Kwenye mkeka ule, katika wanawake kumi nakuhakikishia si wewe peke yako unayebadilisha njia ukiona mtu fulani. Kukopa harusi kulipa matanga hakukutungwa kwa ajili yako.

Kabla sijafika kwa mamako, mambo mawili madogo. Ulizia ripoti yako kwenye mashirika ya taarifa za mikopo, ile CRB. Yako matatu yenye leseni, na kila moja lapaswa kukupa ripoti moja bure kwa mwaka. Humo utaona benki imeandika nini, na kwa kiasi gani, na mara nyingi kiasi cha mle hakifanani na cha kwenye simu. La pili: ukiletewa samansi ya mahakama, hata ya Mahakama ya Madai Madogo ambayo husikiza kesi za mpaka shilingi milioni 1, usiikalie. Huko mambo huenda mbio, kesi imewekewa siku 60. Hoja ya kwamba muda umepita lazima uitoe wewe. Ukinyamaza, hukumu itatoka, na hapo utakuwa umejizalia deni jipya la miaka 12. Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo wa wakili. Nenda na daftari lako. Na usiende kwa Kadhi, maana najua mtu atakushauri hivyo. Kadhi ana ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, madeni ya benki si yake.

Haya, mamako.

Mamako hakukosea. Sheria ya Sura ya 22 imefunga mlango wa mahakama, haikusema pesa hukuchukua. Ulichukua, na nyumba ya Kwale ina paa. Mtu mwenye imani hapati usingizi mwema kwa sababu tu kalenda imemsaidia. Lakini dini hiyo hiyo ya mamako, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 280, yasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, yaamuru deni liandikwe, na mwandishi aandike kwa uadilifu. Yaani mdai naye ana adabu zake. Hao waliokutukana hawazifuati zote mbili, na dhamiri yako usiikabidhi kwao waitumie kama kamba.

Kwa hivyo nitakwambia nionavyo mimi, na hapa wengine watanipinga. Ukitaka kulipa, lipa siku utakayochagua wewe, kwa kiasi ulichokihesabu wewe. Pitisha kwanza miezi hii ya kelele. Karatasi zikija, ukajua asili iliyobaki, kaa na ofisa wa benki yenyewe, si wakala, uwaombe makubaliano ya maandishi: kiasi fulani, kwa mkupuo au kwa vipande unavyovimudu, na barua ya kwamba kikishalipwa deni limekwisha lote na jina lako litarekebishwa CRB. Benki nyingi hukubali pungufu kwa deni la zamani, kwa sababu kwenye vitabu vyao walishalikatia tamaa. Barua hiyo ikae mkononi kabla shilingi haijatoka, na mtu wa Kituo cha Sheria aisome kwanza, maana ukishaitia sahihi ule ufunguo niliokwambia umeutumia. La riba, kama wapasa kuilipa ama asili peke yake, muulize shekhe unayemwamini. Mie nimeshasikia majibu mawili tofauti katika msikiti mmoja, sitaongeza la tatu.

Amebaki mumeo.

Hili umeliweka mwishoni mwa barua yako, katika mstari mmoja, na kwa mstari huo nimejua ndilo linalokukosesha usingizi. Hawa watu wameshampata mwenyekiti. Kumpata dereva wa tuktuk wa Mlaleo ni kazi ya asubuhi moja. Ataambiwa, kilichobaki ni ataambiwa na nani. Akiambiwa na yule wa matusi, ataona deni la 487,300 na mke aliyeficha. Akiambiwa na wewe, ataona mkopo wa paa la mkwewe, hoteli iliyofungwa, na mke aliyeogopa. Mwambie leo usiku akishakula, si akiwa ndiyo kwanza aingia na hesabu ya siku kichwani. Mwonyeshe daftari. Huenda akakasirika kwa ile miaka ya kufichwa, mwache akasirike, ana haki nayo. Usijitetee kwa kumkumbusha na yake.

Kesho tuma ule ujumbe, kisha rudi kwenye karai. Na wakikuletea karatasi yoyote, ya benki au ya kwao, nitumie nakala yake ukiwa umefunika jina. Tutaisoma pamoja kabla kalamu haijagusa mahali.